Kabla Utume Doo ya Miche ya Robusta, Uliza Mama Yake Ni Nani

Kama uko kwa grupu yoyote ya WhatsApp ya watu wa ushago, pengine umeona hii posti: mti umejaa cheri nyekundu mpaka matawi yanainama, bei ya mche mmoja, namba ya kutuma pesa, na maneno makubwa "ROBUSTA MOTO, INAZAA KAMA WAZIMU". Haya. Kabla utume hiyo doo, ama kabla umshawishi mathe ang'oe mihogo ya shamba la chini, kaa hapa dakika kumi. Kuna kitu moja kuhusu robusta ambayo wauzaji wengi hawakuambii, na wengine wala hawaijui: picha ya mti mzuri haikuahidi chochote kuhusu mche unaouziwa. Hata kama mbegu ilitoka kwa huo mti wenyewe, ukiangalia kwa macho yako.

Kwanza tuelewane ni kahawa gani tunabonga. Kenya tunajulikana kwa arabica, ile ya Nyeri, Kirinyaga na Kisii, inayopenda milima na baridi. Robusta ni ile ingine, ya nchi ya joto, ya chini. Wengi huiita binamu ya arabica, lakini ukweli ni kwamba ni mzazi. Arabica ilizaliwa zamani sana porini wakati robusta ilikutana na kahawa ingine ya mwitu inaitwa eugenioides. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabica, ni chungu zaidi, na ndio imejaa kwa kahawa nyingi za unga, zile za pakiti unakoroga na maji moto. Kama umewahi kesha usiku wa mtihani na hizo pakiti, mnajuana tayari. (Mimi nilikesha nazo mwaka mzima kabla niache chuo, so upande wa kunywa nina uzoefu.)

Huku kwetu robusta ni kidogo tu, upande wa magharibi kama Busia. Lakini vuka mpaka uingie Uganda, hapo ndio nyumbani kwake. Karibu asilimia 80 ya kahawa ya Uganda ni robusta, na bado kuna ile inamea yenyewe msituni, kwa mfano kule Kibale. Waganda na Wahaya wa Bukoba walikuwa wanatafuna buni zake kabla mzungu alete habari ya kikombe.

Sasa mbona kelele zote saa hii? Bei. Mwaka 2020 robusta kwa soko la London ilikuwa inacheza chini ya dola 1,500 kwa tani. Septemba 2024 ikapita dola 5,000. Hapo kila mtu akakumbuka babu yake alikuwa na shamba. Lakini bei hupanda na hushuka, na mti wa kahawa unaweza kukaa shambani miaka 30. Huwezi chagua bei ya mwaka 2040. Mti unaweza kuchagua leo, na ukikosea hapo, hakuna mbolea ya kukuokoa.

Robusta haioi kwao

Kuna mila inajulikana sana kwa Waluhya: huwezi oa mtu wa ukoo wenu. Mkigundua mko ukoo mmoja, mapenzi yanaisha hapo hapo, hata kama mlikuwa mmeshachagua rangi ya harusi. Robusta iko hivyo, na iko strikti kuliko wazee.

Arabica inaweza kujichavusha yenyewe, ua lake linatosheka na poleni yake. Ndio maana ukipanda mbegu ya arabica nzuri, mtoto hutoka akifanana sana na mama. Robusta inakataa poleni yake yenyewe. Ikitua kwa ua, inafungiwa njia. Lazima poleni itoke kwa mti mwingine tofauti, iletwe na upepo ama nyuki.

Maana yake ni hii. Ule mti wa picha, mama ni yeye, sawa. Lakini baba ni nani? Anaweza kuwa mti wowote wa jirani: ule mfupi wa kando ya choo, ule unaozaa cheri kumi kwa mwaka, ule uko na magonjwa. Mbegu mia moja kutoka kwa mti mmoja ni watoto mia moja wa baba tofauti tofauti. Wachache watakuwa moto kuliko mama. Wengi watakuwa wa kawaida. Wengine watakuwa miti ya kukalia tu kivuli. Na hutajua ni gani ni gani mpaka miaka miwili au mitatu ipite, uone mavuno ya kwanza, na hata hayo hayatoshi.

Ndio maana dunia nzima, watu wakitaka robusta ya kuzaa kwa uhakika, hawategemei mbegu. Wanatafuta mti bora, wanakata vipande vyake, wanavikuza viwe miche. Hiyo inaitwa kloni. Watanzania huiita miche ya vikonyo. Mche wa kloni hana baba wa kubahatisha. Ni ule mti wenyewe, umeanza maisha upya mahali pengine.

Sawa, so unanunua kloni moja kali unajaza ekari nzima, si ndio? Hapana, ngoja kidogo. Kumbuka ile mila ya ukoo. Miti 450 ya kloni moja si miti 450. Ni mti mmoja umesimama mahali 450. Mvua itanyesha, maua yatafunguka yote siku moja, shamba litakuwa jeupe na harufu tamu kama manukato, utapiga picha upate malaiki. Halafu cheri zitakuja chache za kukuliza, kwa sababu kila poleni inayotua ni ya nyumbani.

Brazili walisuluhisha hii kwa akili. Kuna jimbo linaitwa Espírito Santo, ndio ngome yao ya robusta, ingawa wao huiita Conilon. (Jina lenyewe limetoka Afrika, kwa mto Kouilou wa Kongo, likapotezwa matamshi njiani.) Mwaka 2004 taasisi yao ya utafiti, Incaper, ilitoa aina inaitwa Vitória. Ukiskia jina unadhani ni mmea mmoja, kumbe ni mbogi ya kloni 13 zinazouzwa pamoja, kila moja imechaguliwa kivyake, na zinapandwa shamba moja ili zichavushane. Muuzaji akikuambia ako na "kloni moja tu, ile namba moja," amekuambia kitu kuhusu ujuzi wake.

Uganda walilipia somo

Hii sehemu ndio inafaa kukaa kwa kichwa ya kila mtu anafikiria robusta Afrika Mashariki.

Zamani Uganda walikuwa na robusta za kienyeji za aina mbili kuu: nganda, ile inatanua matawi karibu na ardhi, na erecta, ile inasimama wima. Watafiti wakapita wakichagua miti bora, miaka na miaka, wakabaki na kloni sita. Zilikuwa na majina ya maabara tu, kama 1s/2 na 223/32, hakuna mtu alijaribu kuzipa jina la kuuza. Lakini zilizaa vizuri, buni zilikuwa kubwa, na miaka ya tisini serikali ikazisukuma kwa wakulima kwa nguvu.

Mwaka 1993 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ukaripotiwa Uganda. Ulikuwa umeshasumbua Kongo. Ni kuvu, jina lake la kitaalamu Fusarium xylarioides, inaingia ndani ya mti na kufunga mishipa ya maji. Majani yanageuka manjano, yanajikunja, yanaanguka, mara nyingi kuanzia upande mmoja. Ukikwangua gome unaona rangi ya buluu-nyeusi kwa mti wenyewe. Hakuna dawa. Mti ukianza hivyo unang'olewa na kuchomwa hapo hapo, hauburutwi kupitia shamba. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, karibu nusu ya miti ya robusta Uganda ilikuwa imeenda. Na zile kloni sita, champions wa mavuno? Zikakufa pia. Zilichaguliwa kwa kuzaa na kwa ukubwa wa buni, na wakati zinachaguliwa huo ugonjwa haukuwa kwa mtihani.

Hebu fikiria mzee ameng'oa miti ya babake ili apande ile ya serikali, ametunza miaka minne, halafu anaangalia ikikauka moja baada ya nyingine, na ada ya watoto iko pale juu ya matawi.

Vile watafiti walitoka hapo ndio inafunza zaidi. Walirudi kwa mashamba yaliyoharibiwa. Mahali mnyauko umefagia kila kitu, huwa kunabaki mti mmoja hapa, mwingine pale, kijani, kama hakuna kitu imetokea. Labda ni bahati, labda ni damu. Kujua, wakachukua vipande vya hao waliobaki, wakakuza miche, halafu wakaiambukiza ugonjwa makusudi. Iliyokufa ikatupwa. Iliyopona ikapelekwa shambani, kwa udongo uliokuwa na ugonjwa, ikafuatiliwa msimu baada ya msimu. Sasa ndio wakaanza kuuliza maswali ya mavuno. Kilichotoka kwa hiyo safari ni zile zinaitwa KR, kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza, wilaya ya Mukono. Zilianza KR1 mpaka KR7, baadaye zikaongezwa mpaka KR10. Tanzania nao, kupitia TaCRI, walichagua zao za Kagera: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

So swali la kwanza kwa muuzaji si "inazaa kilo ngapi?" Muulize: "Hii ni aina gani, na imepimwa na mnyauko?" Akikosa jina, ama akianza kukupea hadithi ya mjomba yake Masaka, funga simu.

Mti unapimwa aje?

Kuna makosa moja ya kawaida sana: kupenda mti kwa mwaka mmoja. Kahawa hupenda kuzaa kwa kupishana. Mwaka huu inamwaga cheri hadi inachoka, mwaka unaofuata inapumzika. Ule mti wa posti ya WhatsApp ulipigwa picha mwaka gani? Sio ule wa kupumzika, nakuhakikishia. Watafiti hupima angalau misimu minne ya mavuno ndio waanze kuamini, na wanapendelea mti wa kuzaa sawa kila mwaka kuliko ule wa kuzaa sana mara moja halafu kulala.

Halafu kilo za cheri pia hudanganya. Kinachouzwa mwisho ni buni iliyokobolewa, na kwa robusta kilo 100 za cheri hukupa karibu kilo 20 za buni safi. Hapo "karibu" ndio kuna pesa. Mti mmoja unatoa 22, mwingine 18, kwa sababu wa pili una ganda nene na nyama nyingi. Kwa tani moja ya cheri hiyo ni tofauti ya kilo 40, na umevuna, umebeba na umeanika uzito ule ule.

Kuna jaribio moja la bure kabisa, hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Chukua cheri 100 zilizoiva vizuri kutoka kwa mti mmoja, tumbukiza kwa ndoo ya maji. Zinazoelea, nyingi yazo ndani ni tupu upande mmoja ama zote, au zimetobolewa na mdudu. Mti mzuri, zinaelea chache. Ukipata mti umependeza nje lakini robo ya cheri zinaelea, huo ni slay queen wa shamba, uache.

Baada ya hapo wanaangalia ukubwa wa buni, kutu ya majani, kama mti unavumilia kiangazi, kama kale kadudu keusi kanatoboa matawi kanaupenda sana, na mwisho ladha. Ladha huwekwa mwisho kwa robusta, ambayo nadhani ni uonevu kidogo, kwa sababu wanunuzi wa robusta safi wanaongezeka. Lakini mkulima hulipwa kwa uzito kwanza.

Na joto? Watu husema robusta inapenda joto, kwisha. Utafiti uliotoka 2020, uliofuata karibu mashamba 800 Vietnam na Indonesia kwa miaka kumi, ulipata kitu tofauti: mavuno yalikuwa bora pale wastani wa joto ulikuwa nyuzi 20 na kidogo, na kila nyuzi moja ikiongezeka juu ya hapo, mavuno yalishuka kwa karibu asilimia 14. So ile ya "shamba langu ni moto sana, litafaa robusta" si tiketi ya bure. Inataka pia mvua ya kutosha, milimita 1,200 kwenda juu kwa mwaka, na kiangazi kifupi cha kuamsha maua. Kama kwenu mvua ni ya kubahatisha, weka miti ya kivuli na ufikirie maji kabla ufikirie miche.

Kushika mwongo kwa nasari

Tuseme umefika kwa nasari na jamaa anaapa hii ni kloni. Kuna njia ya kuangalia bila kuwa mtaalamu, na ni macho tu inatumia.

Mche wa mbegu unatoka kwa udongo ukiwa umenyooka, shina moja safi, na chini una mzizi mkuu unaoenda moja kwa moja kama karoti nyembamba. Mche wa kloni ulianza kama kipande cha shina la mti mkubwa. Chini pale karibu na udongo utaona kisiki kidogo cha zamani, kimekatwa, na chipukizi jipya limetokea kando yake, limepinda kidogo kabla lisimame. Mizizi yake imesambaa, hakuna karoti. Mwombe akutolee mmoja kwa karatasi. Akikataa kukuonyesha mzizi wa mche mmoja na anataka ununue 450, hiyo ni rada chafu.

Kisha angalia vile unakua. Kahawa ina matawi ya aina mbili: yale yanasimama wima, na yale ya pembeni yanayobeba cheri. Kipande kikitolewa kwa chipukizi la wima, mche utasimama uwe mti. Kikitolewa kwa tawi la pembeni, mche utaendelea kulala pembeni maisha yake yote, unatambaa kama kiboga. Hautawahi kuwa mti. Mtu mwenye haraka ya pesa hukata popote panapofikika, kwa hivyo mche unaolala upande, hata uwe na majani ya kung'aa namna gani, rudisha.

Idadi nayo: nafasi ya futi 10 kwa 10 inakupa miti karibu 450 kwa ekari. Ukitaka ichavushane vizuri, usichanganye miche kiholela kama pilau. Panda kwa mistari, mstari wa kloni hii, unaofuata wa ile, na uandike mahali. Siku moja kloni fulani ikianza kukuangusha, utajua ni mistari gani ya kung'oa, badala ya kubahatisha shamba nzima.

Wengine huuliza mbona Vietnam wanapata wastani wa tani mbili na nusu hadi tatu kwa hekta wakati Uganda bado iko chini ya tani moja. Kloni nzuri ni sehemu ya jibu, wana zao kama TR4 na TR9. Lakini pia wanamwagilia maji, wanaweka mbolea mingi, wanapogoa bila huruma. Kloni bora ikipandwa na kusahauliwa itazaa kama mti uliosahauliwa.

Na kama kwenu tayari kuna robusta ya babu, mizee, usikimbilie kung'oa. Vietnam wamefufua mashamba mengi hivi: unakata mti mzee uache kisiki, machipukizi ya wima yanatoka, unaacha mawili au matatu yenye nguvu, halafu unapandikiza juu yake kikonyo cha kloni nzuri. Mizizi ni ya zamani na imeshashika chini, kichwa ni kipya, na unarudi kuvuna mapema kuliko aliyeanza na mche. Wakati unasubiri kikonyo, funga kamba nyekundu kwa miti mitano bora ya hapo kwenu, nunua daftari ya mbao, na kila mavuno uandike: kilo za cheri za kila mti, na ngapi zimeelea kwa ndoo. Anza msimu huu.